"Mji Umeanguka": Kitenzi Kimoja cha Habari na Wanaokisikia Masisi na Walikale

Wakazi wa Masisi na Walikale, katika jimbo la Kivu Kaskazini, wanaifahamu vizuri sentensi hii: "Mji umeanguka." Huisoma kwenye simu, huisikia redioni, na huletewa na wapita njia wenye mizigo kichwani. Ni maneno mawili tu. Lakini kwa anayeyasikia, maneno hayo huamua kama atalala nyumbani usiku ule au atafunga mizigo, kama kesho atakwenda shambani au atawaficha watoto, na hata kama ataendelea kumwamini jirani yake.

Katika makala haya tunaeleza kitenzi hiki kimetoka wapi katika lugha ya habari, kinaacha nini bila kusemwa, na namna watangazaji na wasikilizaji wanavyoweza kukitumia bila kuumiza watu. Hatukusudii kufundisha sarufi. Sisi tunaofanya kazi ya kujenga amani tumejifunza kwamba mara nyingi habari hufika kijijini kabla ya askari na kabla ya msaada, na kwamba madhara yake huweza kubaki baada ya askari na msaada kuondoka.

Neno fupi la Kiingereza

Katika Kiingereza, "fall" ni kitenzi cha kila siku. Mtoto huanguka, mvua "huanguka", bei "huanguka". Waandishi wa habari za vita walikichukua kutoka zama za miji yenye kuta. Adui aliuzingira mji, na kuta zilipoanguka, mji nao ulihesabiwa umekwisha. Leo miji haina kuta za namna hiyo, lakini kitenzi kimebaki.

Magazeti yalikipenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nafasi: kina herufi nne tu, na kichwa cha habari hutaka maneno mafupi. Ya pili ni kwamba hakidai mtendaji. Mhariri aliye London au New York, ambaye bado hajajua ni kikosi gani kimeingia na kwa njia gani, anaweza kuandika kwamba mji "umeanguka" na asionekane amekosea. Ndivyo ilivyoandikwa juu ya Saigon Aprili 1975, Kampala Aprili 1979, Kinshasa Mei 1997 na Kabul Agosti 2021. Kifaransa nacho kina "tomber", kinachotumika vivyo hivyo.

Habari ya Masisi mara nyingi huzunguka mbali kabla ya kumrudia mtu wa Masisi. Mwandishi aliye Goma huuliza kwa simu na kuandika kwa Kifaransa. Shirika la habari la kimataifa huitoa kwa Kiingereza. Idhaa ya Kiswahili iliyo nje ya nchi huitafsiri. Kisha mtu wa Nyabiondo au wa Mubi huisikia kama jambo geni, ingawa limetokea bonde la pili kutoka kwake. Zipo pia redio zinazotangaza kutoka hapa hapa nchini, kama Radio Okapi iliyoanza Februari 2002 na inayotumia Kiswahili pamoja na Kifaransa, Kilingala, Kikongo na Kiluba. Hata hivyo, watangazaji wake nao husoma habari za mashirika makubwa, na kitenzi hicho huwafikia.

Hatusemi kwamba "mji umeanguka" ni Kiswahili kibaya. Tangu zamani tunasema serikali imeanguka, na mtu ameangukia mikononi mwa adui. Tatizo letu ni jingine. Kitenzi kilichozoeleka kwa kumtosheleza msomaji aliye mbali hakimtoshi mtu aliye kilomita tano kutoka mahali penyewe. Kinamwachia mapengo matatu.

Pengo la kwanza: nani?

Kiswahili kina njia rahisi ya kumtaja mtendaji. Tunasema anguka, angusha, angushwa. Mti ukianguka, tunafikiria upepo au uzee wake. Mti ukiangushwa, tunauliza ni nani aliyeshika shoka.

Mji hauanguki kwa upepo. Kuna kikosi kilichoshambulia, kuna kikosi kilichopigana au kilichoondoka, na kuna makamanda waliotoa amri. Hata Kiingereza kinapotaja kwamba mji "umewaangukia" waasi, waasi hao huonekana kama watu waliokaa chini ya mti wakadaka tunda lililoiva. Waliouawa njiani hawaonekani kabisa.

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na ndilo jambo tunalotaka msomaji alishike kuliko mengine. Mwanadamu hatulii na tukio lisilo na mtendaji. Akiambiwa mji umeanguka bila kuambiwa nani aliuangusha, atamtafuta mwenyewe. Makamanda wako mbali naye, na Kinshasa iko mbali zaidi. Basi humtafuta karibu. "Nani ameuza mji? Nani aliwaonyesha njia? Mbona wale wa ng'ambo ya mto hawakukimbia?" Pengo lililoachwa na kitenzi hujazwa na jina la jirani, na mara nyingi jina hilo ni la kabila lake.

Masisi na Walikale zina sababu ya kuogopa maswali ya namna hiyo. Mwezi wa Machi 1993, mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Watu waliokuwa wakikutana soko moja kuuziana maharagwe na jibini waligawanyika kwa makabila, na maelfu walikufa katika miezi iliyofuata. Familia za Wahunde, Wanyanga, Wahutu na Watutsi bado zinahesabu wafu wao wa wakati ule.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, mwaka 1994 redio RTLM ilichukua kitenzi kingine cha kila siku, "kufanya kazi", ikakitumia kwa maana ya kuua. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari. Hatumlinganishi mtangazaji anayesema "umeanguka" kwa haraka ya kazi na watu waliokusudia mauaji. Tunakumbusha tu kwamba katika eneo letu la Maziwa Makuu vitenzi vidogo vimewahi kubeba mambo mazito.

Pengo la pili: wapi?

Masisi ni jina la mji mdogo, na pia ni jina la teritware nzima. Walikale ni hivyo hivyo. Mtu wa huku hulijua jambo hili bila kufundishwa, ndiyo maana husema "Masisi-Centre" au "Walikale-Centre" anapotaka kutaja makao makuu peke yake. Lakini habari inayotoka mbali huacha neno hilo la pili.

Tuangalie ukubwa wenyewe. Teritware ya Masisi ina zaidi ya kilomita za mraba 4,700, na ndani yake zimo sheferi mbili, Bahunde na Bashali, pamoja na sekta mbili, Katoyi na Osso-Banyungu. Teritware ya Walikale, yenye sekta za Bakano na Wanianga, ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000. Hiyo ni karibu sehemu mbili kati ya tano za jimbo lote la Kivu Kaskazini, na sehemu kubwa yake ni msitu.

Tarehe 4 Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Masisi-Centre, kiasi cha kilomita 80 kutoka Goma, habari nyingi zilitaja "Masisi" tu. Lakini Rubaya, iliyo katika teritware hiyo hiyo na inayojulikana kwa machimbo yake ya koltani, ilikuwa imechukuliwa na M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Kitchanga ilichukuliwa tangu Januari 2023. Wakati huo huo, palikuwa na vijiji vingine vya Masisi ambavyo kundi hilo lilikuwa halijafika. Basi ni Masisi ipi iliyoanguka siku ile?

Swali hilo si la kuchezea maneno. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilisema kwamba watu zaidi ya 237,000 walikimbia makwao katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini katika wiki za mwanzo za Januari 2025. Wengi wao walikimbia risasi na mabomu, wala hawakungoja redio iwaambie. Lakini anayekimbia anahitaji kujua ni barabara ipi iko wazi na ni kijiji kipi bado kimetulia. "Masisi imeanguka" haimwambii kama aelekee Nyabiondo, kama ashuke Sake, au kama ni salama zaidi kubaki alipo.

Pengo la tatu: lini?

Kichwa cha habari cha Kiingereza hutumia wakati uliopo hata kwa jambo lililokwisha kutokea. Huandikwa kwamba mji "falls" ingawa uliingiwa jana. Mtafsiri wa Kiswahili hulazimika kuchagua: waanguka, unaanguka, umeanguka au ulianguka. Kila umbo hulipokea sikio kwa namna yake. "Unaanguka" humwambia msikilizaji kwamba mapigano yanaendelea na labda anao muda. "Ulianguka" humwambia jambo limepita. "Umeanguka" humwambia kwamba jambo limekwisha na hali hiyo ipo mpaka sasa hivi.

Lakini vita vya huku haviendi kwa mstari ulionyooka. Tarehe 27 Januari 2025, M23 walitangaza kwamba wameuchukua mji wa Goma, na ulimwengu ukatangaziwa kwamba Goma imeanguka. Siku hiyo risasi zilikuwa bado zinasikika katika mitaa kadhaa, na uwanja wa ndege ulichukuliwa siku iliyofuata. Mwezi wa Oktoba 2023, Kitchanga ilibadilisha mikono zaidi ya mara moja. Ujumbe wa simu usio na tarehe, unaosema "Kitchanga imeanguka", ungeweza kuwa kweli Jumatatu, uongo Alhamisi, na kweli tena wiki ya pili. Aliyeupokea hakuwa na njia ya kujua.

Walikale, Machi na Aprili 2025

Mapengo yote matatu yalionekana pamoja Walikale. Tarehe 18 Machi 2025, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda walikutana Doha, nchini Qatar, wakatoa wito wa kusimamisha mapigano. Siku iliyofuata, tarehe 19, M23 waliingia Walikale-Centre. Habari zikasema Walikale imeanguka. Sehemu kubwa ya teritware haikuwa mikononi mwao, lakini jina lilikuwa lile lile.

Tarehe 22 Machi, muungano wa AFC/M23 ulitangaza kwamba utaviondoa vikosi vyake katika mji huo kwa ajili ya juhudi za amani. Tangazo lilitoka siku moja, kuondoka kwenyewe kukaja baadaye: wapiganaji waliondoka mwanzoni mwa Aprili. Kati ya tangazo na kitendo zilipita zaidi ya siku kumi. Aliyesikia "M23 wameondoka Walikale" tarehe 22 akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, alirudi katika mji ambao wapiganaji walikuwa bado wamo.

Tulinganishe na wenye njia nyingine za kupata habari. Kampuni ya Alphamin, yenye mgodi wa bati wa Bisie katika teritware hiyo, ilitangaza kusimamisha kazi tarehe 13 Machi, siku sita kabla ya mji kuingiwa. Ilitangaza kuanza tena kazi kidogo kidogo tarehe 9 Aprili, wapiganaji walipokwisha kuondoka. Kampuni kubwa ina watu wa kuichunguzia usalama na ina ndege za kuwaondoa wafanyakazi wake, haisubiri kuambiwa kwamba mji umeanguka. Mama anayeuza ndizi sokoni ana redio ya betri na simu ya jirani. Kitenzi kisichosema nani, wapi wala lini humwumiza yeye kwanza.

Lipo jambo jingine tuliloliona hapo. Mji ukichukuliwa, habari huenea dunia nzima. Wanaouchukua wakiondoka, hakuna anayetangaza kwamba mji "umesimama". Kitenzi hiki hakina mwenzake. Kurudi kwa watu, kufunguliwa kwa soko na kwa shule, huelezwa kwa sauti ndogo au hakuelezwi. Na waliobaki mjini wakati wote, kwa sababu ya ugonjwa, uzee au umaskini, huweza kuhesabiwa kana kwamba walianguka pamoja na mji. Waliokimbia wakirudi huwauliza: "Ninyi mlikaa nao vipi?" Swali hilo limewahi kuleta damu.

Tusiponye jeraha kwa kisu

Mtangazaji anaweza kusema: basi niache "kuanguka" nitumie kitenzi chenye mtendaji. Ni vema, lakini achague kwa uangalifu, kwa sababu kila upande umeandaa vitenzi vyake. M23 husema "wamekomboa" mji. Serikali husema mji "umevamiwa" na "magaidi". Kundi linapoondoka husema "limepanga upya vikosi vyake", na wapinzani wake husema "limetimuliwa". Kila kitenzi kati ya hivyo kimekwisha kutoa hukumu kabla ya kutoa habari. Kikitumika bila kumtaja aliyekisema, redio inakuwa msemaji wa upande mmoja.

Vipo vitenzi vya kawaida visivyo na bendera: kuingia, kuondoka, kupigana, kushika, kuchukua, kukimbia, kurudi. Navyo havitoshi bila kitenzi cha chanzo. "Amesema" haimhukumu msemaji. "Amedai" humtia msikilizaji shaka. "Amethibitisha" huyapa maneno yake uzito wa ukweli. Mtangazaji anayeandika kwamba msemaji wa jeshi "amethibitisha" na msemaji wa waasi "amedai", au kinyume chake, huku wote wawili wamesema tu, amekwisha kuchagua upande hata kama hakukusudia.

Katika mazungumzo yetu na watu wa redio za jamii, tunapendekeza maswali manne ya kujibu kabla ya kusoma habari ya namna hii:

1. Nani amefanya nini? Taja kikosi na kitendo chake. Usitaje kabila badala ya kikosi.

2. Mahali gani hasa? Taja mji, kijiji au mtaa, kisha teritware. Ikiwezekana, taja pia mahali pa karibu ambapo hapajaguswa.

3. Lini? Taja siku, na kama ni asubuhi au jioni. Jina la siku pekee halitoshi, kwa sababu ujumbe wa simu huishi kuliko wiki.

4. Nani amesema, na upande wa pili umesema nini? Kama upande wa pili haujapatikana, sema hivyo.

Tuchukue habari ya Walikale. Toleo fupi ni hili: "Walikale imeanguka." Toleo linalojibu maswali hayo ni hili: "Wapiganaji wa M23 waliingia Walikale-Centre siku ya Jumatano, tarehe 19 Machi 2025. Habari hii inahusu makao makuu ya teritware, si teritware nzima." Kisha zifuatie sentensi mbili za chanzo, moja ya kila upande. Kusoma maneno hayo hakumalizi hata nusu dakika. Msikilizaji wa Itebero anajua kwamba hakutajwa kwake, na msikilizaji wa Walikale-Centre hana sababu ya kubuni ni nani aliyeingiza wapiganaji mjini, maana ametajiwa.

Kwa wasikilizaji

Ndugu msomaji, huenda wewe si mtangazaji. Lakini kila mwenye simu siku hizi ni mpeleka habari. Ukipokea ujumbe kwamba mahali fulani pameanguka, uliza maswali hayo hayo manne kabla ya kuusambaza. Kama ujumbe hauna tarehe, usiupeleke mbele. Kama unataja kabila mahali ambapo pangetajwa kikosi, usiupeleke mbele, na umweleze aliyekutumia kwa nini. Kama unaye mtu unayemwamini aliye karibu na mahali penyewe, mpigie yeye kwanza.

Wazee wa vijiji, viongozi wa makanisa na wa misikiti, na kamati za amani wana nafasi yao pia. Habari mbaya ikifika, ndio wanaoulizwa. Wanaweza kukataa swali la "nani ameuza mji?" na badala yake kuuliza ni nani ameonekana, wapi, na saa ngapi. Mji ukitulia tena, wanaweza kuwaomba watu wa redio warudi kueleza soko limefunguliwa lini, barabara ipi inapitika, na kwamba waliobaki hawakuwa wasaliti kwa kubaki. Habari hiyo ya pili haimo katika vichwa vya magazeti ya Kiingereza, kwa hiyo haitatafsiriwa na mtu yeyote. Lazima iandikwe huku huku, na wale walioiona kwa macho yao.